Kesho Nitakupa Kisogo

Nyansiongo, Jumapili alasiri

Kwamboka mwanangu,

Salamu za kuulizana hali nimeziruka, maana hali yako naijua. Uko ng'ambo ya ua, mnashindana na mama yako kufunga sanduku, na sauti zenu zinanifikia huku zizini nilikojificha na kalamu. Yeye anataka utie blanketi la pili. Wewe unasema Uingereza kuna mablanketi. Mambo ya sweta, soksi na pasipoti namwachia yeye. Hata nikikuambia mimi hutasikia. Tangu utoto wewe ni mtu wa kubisha, hata kama ubishi wenyewe ni juu ya mvua itakayonyesha.

Barua hii mama yako ataificha kifuani, na kesho atakupa kwenye kituo cha basi pale Keroka, ukishakaa kitini na dereva akishawasha gari. Kwa hiyo unaposoma hapa, jambo lenyewe limeshapita. Umeshaniona nikikupa kisogo mbele ya majirani. Umetoka nyumbani bila mkono wangu kichwani, bila maombi yangu, na baba yako mdogo Ombati ameshakutolea maneno yake. Pengine umelia. Nataka ujue kabla basi halijafika mbali: sikukasirika. Radhi yangu unayo yote. Sasa futa uso, nikueleze kwa nini nilifanya hivyo, maana maelezo ni marefu na mimi si mwepesi.

Utashangaa pia kwa nini nakuandikia Kiswahili, wakati nyumbani sisi ni Ekegusii kutwa kucha. Ni kwa sababu ya chinsoni. Wewe unaijua, ile haya ya heshima kati ya mzazi na mtoto, inayoamua nani aingie nyumba ya nani na neno gani lisitamkwe mbele ya nani. Nikianza kukuandikia kwa lugha yetu, mkono unakwama. Kiswahili nilijifunza kazini, nilipokuwa karani wa maziwa wa Mzungu hapa hapa kabla ya Uhuru, shamba hili hili ambalo leo tunaliita letu. Kwangu ni lugha ya kugombana juu ya debe lililovuja. Kiswahili hakina mkwe wa kuonewa haya. Kwa Kiswahili naweza kukuambia wewe, binti yangu, kwamba naogopa.

Ijumaa, kabla Sabato haijaingia, Ombati alikuja na wazee wawili wa ukoo. Wewe ulikuwa hujafika. Wakakataa uji. Mgusii akikataa uji wa mahindi mapya, jua ameleta kesi.

"Kaka mkubwa," Ombati akaanza, na yeye akianza kwa heshima ndipo nashika fimbo yangu vizuri. "Huyu msichana anakwenda kusoma nini tena? Si alimaliza chuo kikuu Nairobi?"

"Anakwenda kuchukua digrii ya pili," nikasema. "Ya kuwashauri watu walioshikwa na pombe, mpaka wasimame tena."

"Digrii ya pili ya walevi! Kwani huko kwa Wazungu walevi wamekuwa wengi hadi wamejengewa chuo?"

Mzee mmoja alicheka mpaka akakohoa. Mimi pia nilicheka, nisikudanganye. Ombati hakucheka. Akasema, "Mlevi anaye hapa, wa tumbo moja. Amsome huyo. Akienda, nani ataingia kwa Momanyi?"

Hapo kicheko kikaisha. Maana ni kweli. Kaka yako anaishi peke yake katika nyumba yake tangu Moraa, mkewe, arudi kwao na watoto. Mimi baba yake siwezi kukanyaga ndani ya nyumba ya mwanangu aliyeoa. Ombati hawezi, naye ni baba kwake. Mama yako huingia na uji na hutoka na uji, kwa sababu Momanyi akimwona hujifunika blanketi mpaka kichwani kwa aibu. Umebaki wewe dada yake. Wewe ukiingia anakaa, anakula, anazungumza.

"Sema neno moja tu, atabaki," Ombati akasema.

Nikajibu, "Nitasema naye." Wakaondoka wameridhika.

Na usiku huo huo, kabla hata sijafungua mdomo, ukaniambia mwenyewe mezani: "Tata, ukisema nibaki, nitabaki." Nikatafuna ugali wangu, nikanyamaza. Najua ulidhani ni hekima ya mzee. Wacha! Neno "baki" lilikuwa limeshafika kwenye meno. Nililimeza pamoja na ugali, na bado halijashuka.

Nikupeleke nyuma kidogo, kwenye ile likizo yako ya chuo. Wewe ulifika mambo yakiwa yanakwisha. Mwanzo wake hukuuona, na ulipokuwa ndani hukujua nje kulikuwaje.

Momanyi alikuwa amerudi kutoka Itumbe. Kazi ya kiwanda cha majani ya chai ilimshinda, kwa sababu asubuhi mikono yake ilitetemeka mpaka ipate chang'aa ya kuituliza. Na mimi ni mzee wa kanisa la Wasabato, mtu ambaye hata chai hainipiti kooni. Majani ninachuma, ninauza, halafu narudi nyumbani kunywa uji. Leo nina mlevi katika boma langu. Niliona aibu. Aibu ilikuja kwanza na huruma ikaja baadaye sana, na walimu wako wakikuuliza habari za wazazi wa walevi, waambie hivyo hivyo. Nikawakusanya vijana wa kanisa, wakamfunga kitandani kwake kwa kamba za ng'ombe. Nikaagiza asipewe hata tone mpaka pepo limtoke. Kwa kuwa siwezi kuingia, niliweka kigoda nje ya ukuta, nikakaa kulinda.

Kwanza alitokwa jasho na kutetemeka. Kesho yake akaanza kupiga kelele kwamba siafu wanapanda ukutani wanamfuata. Moraa akatoka akaniambia, "Tata, hakuna siafu humu." Nikamwambia ni pepo linaona moto. Tukaimba. Kadiri alivyopiga kelele ndivyo tulivyopandisha sauti. Nilikuwa na furaha, Kwamboka. Nilidhani ninashinda.

Halafu kelele zikakatika. Nikasikia kitanda kinagonga ukuta. Vijana wa kanisa walitimua mbio, wakidhani pepo limetoka linatafuta mwili mwingine. Moraa akapiga ukemi: "Tata, ingia! Anakufa! Ingia!" Mke wa mwana anamwita baba mkwe aingie nyumbani mwake! Katika boma letu neno hilo halijawahi kusikika. Nilifika mlangoni. Nilishika miimo kwa mikono miwili. Nilimwona mwanangu povu limemtoka na macho yamegeuka, na mguu wangu ukakataa. Si kwamba nilifikiri nikachagua. Ulikataa tu, kama ng'ombe anavyokataa daraja.

Ndipo ukatokea mtoni, siku yako ya kwanza ya likizo. Ukatua mtungi, ukanisukuma pale mlangoni ukapita. Binti kumsukuma baba yake, lo! Ukakata kamba, ukamlaza kwa ubavu, ukaniamrisha nitafute gari la kumpeleka hospitali. Nilikimbia kulitafuta, na nakuambia kweli, nilishukuru kupewa kazi ya nje.

Baadaye ulinieleza polepole, kama mtu anayemlisha mgonjwa. Mwili uliozoea pombe kila siku ukikatiwa ghafla unaweza kushikwa na kifafa, hata kufa. Kazi hiyo hufanywa hospitalini, kwa dawa na macho ya wauguzi. Hapakuwa na pepo pale. Palikuwa na kamba za ng'ombe na baba mjinga anayeimba. Moraa hakunisamehe kusimama kule mlangoni, na simlaumu. Hata watoto wakija kunisalimu sasa, hunisalimu kama mgeni.

Tangu hapo ukawa unakuja kila Ijumaa kutoka Kiogoro, ulikopanga chumba ulipoanza kazi katika ofisi ya ustawi wa jamii pale Kisii. Unaingia kwa Momanyi na ungo wa maharagwe. Mimi nasikiliza nje. Ndiyo, nasikiliza, usinitolee macho. Nilingoja umkemee, hukumkemea. Unachambua maharagwe. Yeye anasema, "Wiki hii nimekunywa." Wewe unasema, "Siku gani ilikuwa ngumu?" Basi! Halafu kimya, mpaka nadhani mmelala. Nikamwambia mama yako, "Huyu mtoto serikali inamlipa mshahara kwa kazi hii?" Akanijibu bila kuinua kichwa kwenye sufuria, "Wewe ulikemea miaka yote. Alipona?"

Akaanza kupata nafuu. Akaenda hospitali kwa miguu yake mwenyewe, akatolewa pombe kwa njia inayofaa. Akakaa bila kuonja, akaanguka, akasimama, akaanguka tena. Wewe hukushtuka. Ulisema ndivyo safari yenyewe ilivyo. Mimi kila alipoanguka nilihisi boma zima limeangushwa upya.

Na hapo, mwanangu, ndipo nilipokugeukia wewe na kamba. Nilipoona dawa imepatikana, nikataka niifungie kabatini isitoke. Mwaka jana ulipata nafasi ya kwanza ya masomo haya, ukaenda Nairobi kwa mahojiano. Momanyi hakuonekana nyumbani tangu jana yake. Nikaenda posta, nikapeleka telegramu: NJOO UPESI KAKA YAKO. Kaka yako nini? Sikuandika. Nilijua ukiachiwa hapo utajaza mwenyewe. Uliacha mahojiano, ukapanda basi la kwanza, ulipofika ukamkuta amelala anakoroma, na mimi nakunywa uji. Ulivua viatu vyako vya mjini, ukachukua ungo, ukaingia kwake. Nafasi akapewa mtu mwingine.

Hatujawahi kulizungumza. Kwa lugha yetu sikuwa na pa kuanzia. Kwa hii naweza: niliiba mwaka wako, na niliuiba kwa makusudi. Nisamehe.

Mwaka huu walipokuita tena, ulitusomea barua yao, ukitafsiri mstari kwa mstari, mama yako akichagua mawe kwenye nafaka ya wimbi. Nilifikiri digrii ya pili ni vitabu vikubwa zaidi ya vile vya kwanza. Kumbe mtapelekwa wodini mkae na wagonjwa, na kila wiki mwalimu anakukalisha chini anakuuliza ulisema nini, ulinyamaza wapi, na kwa nini. Na kabla hujapewa mgonjwa wako wa kwanza, wewe mwenyewe unaulizwa: huyu mtu akipona, wewe unapata nini? Mama yako alisema hilo ni swali la mtu asiye na kazi. Si unataka tu apone? Mimi nilitoka nje nikajifanya naangalia ng'ombe.

Niliona jibu langu pale pale. Nilitaka Momanyi apone ili nirudi kukaa kiti cha mbele kanisani bila watu kupeana macho. Hicho ndicho nilichokuwa nakililia kwa Mungu miaka yote, nikikiita upendo. Upendo ulikuwepo, usinielewe vibaya. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Lakini ulikuwa umekaa nyuma ya kile kiti. Nakuambia kwa sababu siku moja utaletewa baba wa mtu, mzee mwenye koti na kofia mkononi, atakayesema, "Mimi namtakia mwanangu mema tu." Usimchukie. Ila usimwamini haraka.

Na wewe pia, mwanangu. Najua hutapenda hili. Ule mwezi Momanyi alipokaa vizuri mwezi mzima, akaanza hata kupalilia, ulikuja Ijumaa ukamkuta hayupo, amekwenda kwa rafiki yake kutengeneza baiskeli. Ulifurahi, ndiyo. Lakini ulikaa pale kizingitini, ungo mapajani, hujui uufanye nini. Nilikuona. Nikasema moyoni, huyu ni mtoto wangu kweli. Mtu anayehitajiwa sana anaweza kuanza kupenda kuhitajiwa, na kutoka hapo si rahisi, mimi ni shahidi. Wakikuuliza lile swali kule, usiwape jibu zuri. Wape la kweli.

Sasa nije kwa jana. Baada ya ibada nilikwenda kwenye kigoda changu nje ya ukuta wa kaka yako.

"Momanyi."

"Nipo, Tata." Unajua sauti yake ilivyo nzito tangu alipojiuma ulimi siku ile ya kifafa.

"Wazee wanataka nimzuie dada yako asiende."

"Kwa ajili yangu?"

"Kwa ajili yako."

"Na mimi waliniuliza?"

Nikakwangua udongo kwa fimbo.

"Mkimbakiza, mtakuwa mmetufunga wawili kwa kamba moja," akasema. "Kila nikiamka nitajua kwamba nimekula maisha ya Kwamboka. Hilo, Tata, haliwezekani bila pombe."

Nikamwambia basi, nitawaambia wazee nimekuruhusu, na liwalo liwe. Akacheka. Sikukasirika, ni siku nyingi sijamsikia akicheka.

"Wewe? Halafu nikianguka? Na nitaanguka, nakuambia mapema. Ombati atakuja, mama atalia, na wewe utashika njia ya posta. Nakujua."

Ala! Mlevi wangu ananijua kuliko mchungaji wangu. Nilikaa pale natazama mchwa wakipanda ukuta, na nikaona kwamba kila neno lake ni kweli. Nikikuruhusu leo, kesho nitakuita. Nitakuita akianguka, nitakuita mama yako akiumwa mgongo, nitakuita ng'ombe akizaa vibaya. Na wewe utakuja. Hata ukiwa ng'ambo ya bahari utakuja, maana nimekulea hivyo, na nililiona kuwa malezi mema.

"Nifanyeje?" nikamwuliza. Sijawahi kumwuliza hivyo mtoto wangu yeyote.

"Waambie ulimzuia, akakataa."

"Huo ni uongo."

"Ni uongo."

"Mimi mzee wa kanisa, Momanyi!"

"Ndiyo maana watakuamini." Kisha akanieleza, taratibu, kama mtu anayemfundisha mwenzake kufunga fundo. Baba aliyekaidiwa na binti yake hawezi kupeleka telegramu ya kumbembeleza arudi. Ukoo mzima utamcheka. Nikishasema mbele ya Ombati kwamba umenikataa, kiburi changu chenyewe kitanizuia kwenda posta. "Na kiburi unacho, Tata," akasema. "Tukitumie kwa kazi nzuri mara moja."

Nikamwambia sijui kudanganya.

"Mimi najua. Sikiliza. Usieleze sana. Uongo wenye maelezo mengi ni wa mtu asiyezoea. Sema mara moja, halafu kasirika. Na Jumatatu asubuhi usimuage dada, ama utaharibu kazi yote. Ila usiende leo, ni Sabato."

Hata mlevi ana mipaka yake. Tulicheka wote wawili, yeye ndani na mimi nje, mpaka mama yako akaja kuangalia ni nini.

Leo asubuhi nikaenda kwa Ombati. Wale wazee walikuwepo. Nikasema, "Nilisema naye. Amekataa."

"Amekataa vipi?" Ombati akauliza.

Nilikaribia kueleza. Maneno yalikuwa tayari, mazuri kabisa, na wewe ndani yake umesimama hivi na kusema vile. Nikamkumbuka mwalimu wangu, nikapiga fimbo chini. "Nimesema amekataa!"

Wakatazamana. Ombati akatikisa kichwa: "Asiyesikia la mkuu huvunjika guu." Akataka aje akuone mwenyewe. Nikamwambia akuache. Nikawaambia wote watatu kwamba atakayemwita huyo binti arudi, kwa kilio chochote kile, asikanyage tena kwangu. Wakakubali. Wakanihurumia, Kwamboka. Ombati alinishika bega. Nilitembea kurudi nyumbani nikiwa na huruma yao mwilini kama nguo ya kuazima inayobana kila mahali.

Kwa hiyo jina lako nimelichafua. Harusini na matangani watasema binti wa karani alimshinda baba yake kwa sababu ya vitabu. Ombati atawatahadharisha wenye wasichana: msiwasomeshe sana, mtaona. Utakaporudi, baadhi yao watakupa mkono uliolegea. Hutaweza kujitetea, na mimi sitaweza kukutetea, pengine mpaka nife. Nilitafuta njia nyingine nisiione. Pamoja na ubishi wako, ulikuwa mtoto mtiifu kuliko wote wa rika lako, na utiifu huo ndio ulikuwa unakuua. Nimekuvua utiifu huo kwa nguvu, bila kukuuliza. Hilo nalo ni kosa, naliona wakati naliandika, na bado nimelifanya.

Kuhusu kaka yako, usinifikirie kuwa nimekuwa mtu mwingine. Leo nilipotoka kwa Ombati nilijaribu kuingia. Hapakuwa na mtu wa kuona. Nilifika mlangoni nikiwa na ujasiri wote wa mwongo mpya, na mguu ukakataa tena. Nilisimama pale nikatokwa na machozi ya hasira. Momanyi akasema kutoka ndani, "Kaa kigodani tu, Tata, utaanguka." Nikakaa. Nikamwuliza, "Siku gani wiki hii ilikuwa ngumu?" Akasema, "Hii ya leo." Sikujua kinachofuata. Tukakaa hivyo mpaka kuku wakaanza kurudi. Kinachofuata ni nini? Niandikie hilo kwanza, kabla ya habari za baridi. Andika kwa jina la mama yako.

Anaweza kufa ukiwa huko. Wewe unalijua hilo kuliko mimi, na yeye analijua. Tumekubaliana, mimi na yeye, kwamba hata hapo hakuna telegramu. Utapata barua, ya kawaida, kwa mwendo wa barua. Usirudi kwa kukimbia. Maliza ulichokwenda kufanya.

Mama yako ananiita nije kukaza mkanda wa sanduku, kisha anajirudi, anakumbuka kwamba nimejifanya nimenuna. Ameapa kwamba kesho ukisitasita atakuvuta mkono mpaka barabarani. Usimlaumu kwa kukuharakisha.

Nimeshapanga nitakavyokuwa. Nitakuwa hapa zizini, mgongo nimewapa, namkamua ng'ombe ambaye mama yako atakuwa ameshamkamua. Ombati atakuwa amesimama uani na majirani, anaangalia. Utakuja mpaka nyuma yangu na lile koti lako jipya. Utaniita, "Tata." Nitaendelea kukamua. Utaita tena, chini zaidi, ile sauti ya ulipokuwa mdogo ukiogopa giza, na mimi nitavuta chuchu kavu kana kwamba ndoo inajaa.

Nitakuwa nimekusikia, Kwamboka. Mara zote.

Tata